Kwa Nini Mbwa Hashtakiwi

Fimbo chini, masikio juu. Nimesema chini, Sekiboko, hata hiyo unayoificha nyuma ya mguu. Najua mnakotaka kwenda. Mnataka kwenda kwenye lile geti jekundu la Mhina mkamuue mbwa wake, mrudi mmeridhika, halafu Mhina ashuke mjini akanunue mwingine mkubwa zaidi. Mke wa mjukuu wangu, Zaina, yuko hospitali, mguu umefungwa na anachomwa sindano za kichaa cha mbwa. Kama ni hasira, yangu inazizidi zenu zote. Lakini hamtoki uani kwangu kabla hamjasikia jinsi mambo yalivyokuwa hapa Kwemlosa zamani, maana ujinga huo mnaotaka kuufanya babu zetu walishaufanya, tena kwa muda mrefu sana.

Zamani hizo mbwa alikuwa na kesi. Msicheke. Mbwa akimuuma mtu au akirarua mbuzi, aliyekamatwa na kuletwa barazani alikuwa mbwa mwenyewe. Walimfunga kwenye kigingi katikati ya uwanja, wazee wakakaa kwenye vigoda vyao, na mkuu wa baraza akamuuliza, "Wewe mbwa, umeuma au hukuuma?" Mbwa hakujibu. Akaulizwa tena, hakujibu. Basi wazee walitazamana, wakatikisa vichwa, wakasema mwenye kunyamaza amekubali. Mbwa alivushwa ng'ambo ya mto na kuachwa huko kwenye msitu wa chui. Chui walilijua jambo hilo, na walikuwa wananenepa.

Na mwenye mbwa alikuwa wapi? Alikuwa amekaa na watazamaji. Tena mara nyingi ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, kwamba mbwa huyo ana tabia mbaya, amemchosha, baraza limsaidie. Hukumu ikishatoka alikwenda nyumbani, akala, akalala, na baada ya muda akaleta mbwa mwingine. Aliyeumwa naye alikwenda nyumbani na kidonda chake. Hakuna aliyemuuliza mwenye mbwa neno lolote, na hakuna aliyeona ajabu.

Kila nikifika hapa damu inanichemka. Watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wamekaa wanamhoji mbwa!

Katika zama hizo aliishi mtu akiitwa Shemkala, mtu wa mbuzi wengi na maneno mengi. Kwa kuwa mbuzi wake walikuwa wengi, aliamini kila mpita njia anawamezea mate. Akashuka tambarare kwa wawindaji wa nguruwe mwitu, akapata kwao mtoto wa mbwa wa ile aina kubwa, mwenye kichwa kama kinu na miguu minene hata kabla hajaachishwa ziwa. Wawindaji hawakumficha kitu. Walimwambia, "Huyu anataka kazi na anataka mtu. Tembea naye, kaa naye, mkataze angali mdogo. Ukishindwa, turudishie." Shemkala aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeitikia salamu za njiani huku anatembea. Akamtia mbwa kapuni, akaupanda mlima.

Alianza kuharibu kwenye jina. Mnatujua watu wa huku, zamani tukitaka kumsema jirani bila kumtazama usoni tulikuwa tunampa mbwa jina. Shemkala alimwita wake Mtakoma. Kila asubuhi alisimama uani akaita, "Mtakoma! Mtakoma!" Majirani waliokuwa wakienda kuchota maji wakapokea tusi hilo kabla hata hawajanawa uso.

Kisha yakaja malezi, kama yale yanaweza kuitwa malezi. Mchana kutwa alimfunga nyuma ya zizi kwa kamba ya magome, mahali asipoona mtu wala njia, kwa sababu alisikia kwamba mbwa akizoea watu hulainika. Alimlisha ugali uliochanganywa na pilipili. Alikamata nyigu akawaponda kwenye mchuzi wake, kwa sababu mtu fulani alimwambia nyigu humtia mbwa ukali. Na nyinyi msijifanye mnashangaa. Wamo humu humu wanaofanya hivyo mpaka leo, na wengine mama zao niliwalea mimi. Pilipili haimfundishi mbwa kulinda. Inamfundisha kuumwa tumbo, na mwenye kuumwa tumbo hana subira na mtu yeyote.

Lakini lililokuwa baya kuliko pilipili na nyigu lilikuwa kicheko. Jioni, mbuzi wakisharudi, Shemkala alimfungua yule mbwa mdogo na kukaa naye mlangoni. Watoto walipopita, mbwa aliwakimbiza, akang'ata pindo la nguo, na watoto wakalia wakikimbia. Shemkala alicheka mpaka akajishika mbavu. Akamtupia mbwa mfupa. Mbwa si mjinga, nyinyi. Mbwa hajui sheria za baraza, hajui huyu jirani na huyu mwizi, lakini uso wa anayemlisha anaujua vizuri. Basi kila alipotaka kufanya jambo, alisimama kwanza, akageuka, akautazama uso wa Shemkala. Akauona unacheka. Akajua kwamba kuuma ni kuzuri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni hivyo hivyo, ila yeye hukua upesi zaidi na ana meno.

Mtakoma akakua. Kichwa chake kikafika kiunoni mwa mtu mzima. Jirani mmoja alikwenda kuomba moto, akarudi bila moto na shavu la mguu limechanika. Shemkala akamwambia, "Wewe ulikimbia. Mbwa hapendi mtu anayekimbia." Jirani wa pili hakukimbia, alisimama kimya, akaumwa pajani. Huyo akaambiwa, "Wewe ulisimama ukamkodolea macho. Mbwa hapendi kukodolewa." Wa tatu alipita kando kando ameinamisha kichwa, naye akaambiwa alikuwa ananyemelea. Haikujulikana tena mtu apite vipi pale ili asiwe na makosa. Watu wakaanza kuzunguka nyuma ya kilima kwenda mtoni, wao na mitungi yao, wazee na wajawazito, njia ndefu ya mawe, ili Shemkala aendelee kucheka mlangoni kwake.

Sasa palikuwa na mwanamke akiitwa Mnkande, mfinyanzi. Alikuwa mjane na watoto wake walikuwa wadogo. Hakuwa na mbuzi wala shamba la maana. Alikuwa na mikono. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi na havikupasuka motoni, na watu walikuja kutoka vijiji vya mbali kuvibadilisha kwa mahindi. Mikono ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na zizi lake.

Shemkala alimwagiza chungu kikubwa cha pombe. Sikilizeni vizuri: alimwagiza yeye mwenyewe. Mnkande hakujipeleka. Siku chungu kilipokuwa tayari alikitia kichwani, akaenda, na alipofika kwenye ua hakuingia. Alisimama nje akapiga hodi. Alimwona mbwa amelala uani bila kamba. Akapiga hodi tena.

"Karibu, karibu!" Shemkala akaitika kutoka ndani, bila kuinuka. "Pita tu, huyo hana neno!"

Hana neno. Laiti ningekuwa na uwezo, ningeyaondoa maneno hayo mawili kinywani mwa kila mwenye mbwa mpaka atakapoinuka, atoke nje, amshike mbwa wake kwa mkono wake, ndipo amkaribishe mgeni.

Mnkande akaingia. Mbwa akainuka. Mnkande akasimama, chungu kikaanza kuyumba kichwani, naye akawa anakifuata huku na huku asikiangushe, maana ilikuwa kazi ya siku nyingi. Shemkala akachungulia mlangoni, akamwona mama wa watu anavyoyumba na chungu chake, na akacheka. Mbwa alikuwa amegeuka anamtazama. Alipokiona kile kicheko aliruka. Chungu kilivunjika, na Mnkande alipojikinga uso, mbwa aliudaka mkono wa kulia akautafuna mpaka mifupa ikalia.

Baraza likaitwa. Mtakoma akafungwa kwenye kigingi katikati ya uwanja, watu wakajaa, na mkuu wa baraza, Mzee Shekigenda, akakaa kwenye kigoda chake kwa heshima zote. Shemkala alikuwa mbele kabisa ya watazamaji, sauti juu. "Wazee wangu, nioneeni huruma! Mbwa huyu nimemlisha, nimemlaza, leo hii ananitia aibu. Mvusheni mto, nimechoka naye!"

Watu wakamwonea huruma. Naam, walimwonea huruma yeye.

"Wewe mbwa," akasema Mzee Shekigenda, "umeuma au hukuuma?"

Mnkande alikuwa amekaa chini na watoto wake, mkono umefungwa majani na gome. Akainuka. Mwanamke hakuwa na desturi ya kusema kabla hajaulizwa barazani, lakini mkono ulikuwa wake.

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba uulize tena. Lakini safari hii usitazame mdomo wa mbwa, tazama macho yake."

Mzee akauliza tena, na watu wote wakatazama. Mbwa hakumtazama aliyemuuliza. Alikuwa anamtazama Shemkala. Mnkande akaomba Shemkala ahamie upande wa pili wa uwanja. Shemkala akahama huku ananung'unika, na macho ya mbwa yakamfuata mpaka alipokaa.

"Anafanya nini huyu?" mzee akauliza.

"Anauliza, mzee wangu. Anamuuliza bwana wake, niume au nisiume? Na siku ile aliuliza vivyo hivyo, mimi nikiwa na chungu kichwani. Akajibiwa."

"Mwongo huyu!" Shemkala akapaza sauti. "Mimi nilikuwa ndani! Mbwa ndivyo alivyozaliwa, ni mbaya wa asili! Kosa langu liko wapi?"

Mzee Shekigenda akaona si vibaya kuhakikisha kwa macho yake. Akainuka kutoka kigodani, akamsogelea mbwa taratibu. Alikuwa mzee sana, anatembea kwa kutanua miguu, na nguo yake ya gome ilikuwa inamtelemka kiunoni kila hatua. Shemkala alipomwona anakwenda hivyo, mazoea yakamzidi nguvu. Hakukusudia, nadhani. Lakini mdomo ulipanda wenyewe, na akacheka.

Mbwa alikiona kicheko. Aling'oa kigingi, akamrukia mkuu wa baraza, akaidaka ile nguo akaivuta na kuitikisa mpaka ikachanika, na mheshimiwa mzee wetu akabaki uwanjani kama alivyozaliwa, mbele ya wakwe zake.

"Acha! Acha!" Shemkala alipiga kelele. Lakini mbwa angeacha vipi? Neno hilo hakuwahi kufundishwa. Hakuwahi kulisikia hata mara moja tangu atoke kapuni. Alimtazama tena bwana wake, akauona uso umejaa hofu, kicheko hakipo, ndipo akaiachia nguo. Kisha akaenda kulala miguuni pa Shemkala, akiburuta kigingi, akimtazama usoni, anasubiri mfupa wake.

Watu wote uwanjani walikuwa wameona, na hakuna aliyeweza kusema hakuona. Nadhani wengi walikuwa wanawakumbuka mbwa waliowavusha mto miaka yote ile, na wamiliki waliokuwa wamekaa nao bega kwa bega.

Mzee Shekigenda alipewa ngozi ya kuazima, akajifunga, akarudi kigodani. Akasema, "Mfungueni mbwa. Kigingi kirudisheni mahali pake, na kamba hiyo mfungeni Shemkala."

Wakamfunga. Akakalishwa chini pale pale mbwa alipokuwa amekaa, vumbi lile lile.

"Wewe Shemkala," mzee akasema, "umeuma au hukuuma?"

Shemkala hakujibu. Akaulizwa tena, hakujibu. Mtu wa maneno mengi, siku hiyo hakuwa na hata moja. Basi wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa, wakasema mwenye kunyamaza amekubali.

Wapo waliotaka mbwa avushwe mto hata hivyo, ili wapate usingizi. Mnkande akakataa. Akasema, "Mkimvusha huyu, kesho Shemkala ataleta mwingine, na mkono wangu utakuwa umekwenda bure. Mwachieni. Aliyemharibu ndiye amtengeneze, mbele ya macho yetu."

Wakahukumu hivyo. Shemkala achimbe udongo, autwange, abebe kuni za kuchomea vyungu vya Mnkande, na alishe watoto wake. Pilipili na nyigu marufuku. Mbwa asitoke uani ila kwa kamba fupi, na mwisho wa kamba uwe mkononi mwa mwenyewe, si mkononi mwa mtoto wala kwenye mti. Na tena ampeleke kila nyumba ya Kwemlosa, akae naye mlangoni mpaka mbwa atulie, aseme kwa sauti, "Huyu ni mimi. Akiuma, nimeuma."

Lile jina la Mtakoma likafutwa siku ile ile. Mzee Shekigenda alisema, "Mbwa huyu ataitwa Shemkala. Akirarua mbuzi, tutasema Shemkala amerarua mbuzi. Akimrukia mtoto, tutasema Shemkala amemrukia mtoto. Tuone kama utaendelea kucheka."

Hakucheka. Asubuhi alisimama uani akaita, "Shemkala! Shemkala!" na majirani waliokuwa wakienda kuchota maji, sasa kwa njia yao ya zamani, waliitikia wao kwa niaba ya mbwa. Ilimbidi ajifunze kuutawala uso wake, maana kila ulipocheza, mbwa aliinuka. Ilimbidi amfundishe "acha," na "kaa," na "rudi," kwa uvumilivu, kwa mbwa aliyekwisha kuwa mkubwa. Samaki mkunje angali mbichi. Yeye alikuwa anamkunja mkavu, na jasho lilimtoka. Mvua zilikuja zikapita. Mwishowe mbwa yule aliweza kulala mlangoni pa watu huku watoto wanapita, na hakuinua hata sikio, ila macho yake tu yalikwenda usoni kwa bwana wake, yakaukuta umetulia, yakarudi.

Lakini msidhani hadithi imekwisha vizuri. Vidole viwili vya Mnkande havikukunjika tena. Zamani alikuwa akipamba shingo ya chungu kwa kupitisha vidole vyote kwenye udongo mbichi. Sasa vilipita vitatu tu. Ile mistari mitatu mnayoiona kwenye vyungu vya huku, na mnawaambia wageni ni urembo, ni mkono wa mwanamke ulioharibiwa na kicheko. Na kila Shemkala alipofika mlangoni kwake na mbwa wake, akapiga hodi, akasema maneno yake, Mnkande aliendelea na kazi yake ndani. Hakuwahi kumwambia karibu mpaka anakufa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na tangu siku hiyo mbwa hana kesi Kwemlosa. Na tangu siku hiyo, mbwa akitaka kufanya jambo, jema au baya, husimama kwanza akautazama uso wa mwenyewe. Na ndiyo maana mbwa mkubwa wa kwetu hapewi jina la kwake, huitwa kwa jina la anayemfuga, na wageni hushangaa kumkuta mtu mzima amesimama uani anajiita mwenyewe.

Sasa huyu Mhina amehamia hapa juzi, amejenga ukuta, ametundika kibao, "Mbwa Mkali." Anadhani kibao ni malezi. Zaina anajua kusoma. Alikuwa amepeleka mayai aliyoagizwa, akakiona kibao, akasimama nje akapiga hodi. Mhina alikuwa barazani kwake, simu sikioni, akampungia mkono, "Pita, pita, hana neno." Tena nimeambiwa mbwa huyo hufungiwa kwenye banda la mabati mchana kutwa, na jina lake ni Komesha. Mnaona? Hata jina hakubuni jipya.

Haya, inukeni. Fimbo zibaki hapa, zote. Nendeni mpaka kwenye geti lile jekundu, msimame nje, mpige hodi kwa adabu. Mbwa atakuja wa kwanza, msimtupie hata kokoto. Ngojeni ageuke, muone anamtazama nani.

Huyo ndiye mniletee.